Walubengo Ameumia Goti

Wangu wa Gikonyo si mtu wa kutegea simu za watu masikio. Kiminini inamjua kwa mambo mawili: sare za shule zisizofumuka hata mtoto apande miti namna gani, na mdomo usiobeba umbea. Kwa hiyo Jumapili ile, alipozunguka nyuma ya stoo ya mahindi akienda kuanua nguo, hakuwa amekusudia kumsikia mumewe akiongea. Lakini masikio hayana kifuniko, na Wabwile akishika simu hupiga kelele kana kwamba anayeongea naye yuko ng'ambo ya mto.

“Tonny, hiyo habari umesoma wapi?” alikuwa akiuliza. “Mwisho wa mwezi? Hapana, bana. Na vijana yangu je? Walubengo saa hii ako na miaka ishirini na sita. Gikonyo ako na ishirini na nne. Hao watoto nimelea mimi mwenyewe, siwezi kubali wapotee tu hivi.” Akasikiliza kidogo. “Na vile Walubengo ameumia goti! Ati miezi tatu hawezi kukimbia.”

Wangu alisimama na shuka mkononi. Alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka thelathini na mmoja. Walikuwa na watoto wawili, Sellah na Nduta, wote wasichana, wote wameshaolewa. Hawakuwa na mtoto wa kiume. Sasa hawa wawili walikuwa wa nani, na mmoja wao aliumia goti wapi?

Unaweza kusema, majina ni majina tu, kina Walubengo wamejaa Bungoma kama mahindi, na kina Gikonyo hawajawahi kupungua. Ukisema hivyo, basi hukuwepo siku Wangu alipoposwa.

Mzee Gikonyo alikuwa ametoka Murang'a na kununua shamba huku Trans-Nzoia, na hakufurahi binti yake kuchukuliwa na Mbukusu. Lakini alikuwa mtu wa haki. Mzee Walubengo, babake Wabwile, alipofika na wazee wenzake, mambo ya ng'ombe yaliisha kabla ya chakula cha mchana. Yaliyokaliwa hadi jioni yalikuwa majina. “Ng'ombe punguzeni mkitaka,” Gikonyo alisema, “majina sipunguzi.” Alitaka yafuate mpango wa kwao: msichana wa kwanza aitwe mamake Wabwile, wa pili aitwe mamake Wangu, mvulana wa kwanza achukue jina la Walubengo, na wa pili achukue la Gikonyo. Mzee Walubengo alikataa katakata. Kwao jina hutoka kwa marehemu, na mara nyingi marehemu mwenyewe huja ndotoni kuliomba. “Mnataka kunipa mtu wa jina langu nikiwa bado nakula ugali? Mna haraka gani na mimi?” Watu walicheka mpaka wakalegea, na katika kucheka huko mzee akakubali. Wazee hao wawili wakapeana mikono juu ya wajukuu ambao hata hawajatungwa mimba.

Mzee Gikonyo alikuwa na sababu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Mabinti wake walikuwa wawili tu, Wangu na mdogo wake Wahu, na kama jina lake lingeendelea kuitwa duniani, lingepitia kwa mmoja wao.

Sellah akaja, akaitwa Sellah. Baada ya miaka miwili akaja Nduta. Baada ya miaka miwili mingine, Julai ya mwaka wa tisini na tisa, akaja mvulana, na hakulia. Wangu alipasuliwa, akalala hospitalini wiki tatu, na daktari akamwambia kwamba mlango wa uzazi umefungwa. Mtoto alizikwa akiwa hana jina, na nyumbani hakutajwa tena. Wahu naye hakuolewa wala hakuzaa. Mzee Gikonyo akafa, akaenda na jina lake.

Sasa unaelewa kwa nini Wangu hakulala Jumapili hiyo, wala Jumatatu baada ya Wabwile kurudi kazini Bungoma, ambako ni karani wa serikali na hupanga chumba cha kulala siku za kazi. Alikuwa akipiga hesabu. Ishirini na sita ni mwaka wa tisini na tisa. Mwaka ule ule alipokuwa amelala hospitalini na mshono tumboni, mumewe alikuwa akipata mtoto mahali pengine! Na akampa jina lililokuwa limewekewa mtoto wake yeye. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu achome nyumba.

Lakini lililomchanganya kabisa lilikuwa Gikonyo. Mwanamume akizaa nje anaweza kumpa mtoto jina la babake mwenyewe, sawa. Lakini ni mwanamke gani, hapa duniani, atakayebeba mimba miezi tisa halafu akubali mtoto wake aitwe baba mkwe wa mumewe wa kuibia? Hakuna. Mtoto wa pili wa kiume huitwa babake mamake. Kwa hiyo mama wa kijana huyo alikuwa binti wa Gikonyo. Na Gikonyo alikuwa na mabinti wawili tu, na mmoja wao alikuwa Wangu.

Alifikia jawabu hilo Jumanne asubuhi, mguu ukiwa kwenye cherehani, na akashona shati la mwanafunzi likiwa na mikono yote miwili ya kushoto.

Alijaribu kujikatalia. Wahu? Mdogo wake ambaye yeye ndiye alimfundisha kutembea? Lakini shaka ikishaingia hutafuta chakula popote. Wahu anaishi Bungoma, na Wabwile anaishi Bungoma. Wahu hakuwahi kusema kwa nini hakuolewa. Na si Wahu huyo, kipindi kile kile, alienda kufanya kazi ya tumbaku Malakisi mwaka mzima, asitembelewe na mtu, kisha akarudi amenenepa? Wakati ule Wangu alidhani ni ugali wa Malakisi. Sasa alijiona mjinga wa miaka ishirini na sita.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini wanaosema hivyo hawajawahi kuogopa jibu. Jumatano saa saba Wangu alifunga duka, akavaa kitambaa cha kanisani, akapanda gari la Bungoma bila kumpigia mtu simu.

Alimkuta Wahu sokoni, ameinama juu ya furushi la mitumba, akitenga sweta za watoto. Wahu alipomwona alirusha sweta juu kwa furaha.

“Sista! Umetoka wapi bila kusema? Nani amekufa?”

“Hakuna mtu amekufa. Malakisi ulienda kufanya nini?”

Wahu alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mbingu. “Malakisi gani?”

“Ile mwaka ulikaa huko.”

“Si nilienda kufunga tumbaku? Ati Malakisi! Hiyo ni miaka mingapi imepita? Wangu, uko sawa? Kaa chini, nikuitishe chai.”

“Sitaki chai. Nataka kujua Walubengo na Gikonyo ni watoto ya nani.”

“Gikonyo ni baba yetu.”

“Huyo mwingine. Mwenye ako na miaka ishirini na nne.” Na hapo Wangu, ambaye alikuwa amejiahidi kuongea polepole kama mtu mzima, alimwaga yote kwa pumzi moja: simu, goti, mwisho wa mwezi, hesabu ya miaka, mabinti wawili wa Gikonyo. Mwanamke wa meza ya pili aliacha kukunja suruali ili asikie vizuri.

Mwanzoni Wahu alicheka. Kisha akaona dada yake hachezi, na kicheko kikamwishia mdomoni. Alikaa juu ya furushi, akaokota sweta moja ndogo ya bluu, akaikunja mara mbili, akaikunjua tena.

“Wangu,” alisema, “mimi ningekuwa na mtoto, ningemficha? Ningembeba kwa kichwa nizunguke naye hii soko yote, kila mtu amwone. Hata angekuwa wa shetani.”

Wangu aliona aibu mpaka shingo ikamwasha. Na bado, Mungu amsamehe, sehemu fulani ya kichwa chake ilikuwa inauliza: kama si Wahu, basi ni nani?

Wahu alifuta macho kwa ile sweta, akaitupa kwenye furushi. “Nimekasirika na wewe, na nitakasirika vizuri baadaye nikipata nafasi. Saa hii simama. Twende tuulize huyo bwana yako mbele yangu.”

Ofisini kwa Wabwile walimkuta bawabu akifunga lango. Aliwaangalia akina mama wawili wenye nyuso za mazishi, akaamua kuwa mpole.

“Mzee ametoka saa kumi na moja kamiri,” alisema, l zikimgeukia r mdomoni. “Mtampata kwa Tonny, hapo nyuma ya stesheni ya reri. Kira siku akitoka kazi yeye huenda kuona vijana yake.”

“Vijana yake,” Wangu alirudia.

“Eeh. Anawapenda sana. Hata juzi mmoja ariumia, mzee hakukura lunch.”

Wahu akamtazama dada yake, na hata yeye sasa hakuwa na uhakika na lolote.

Kwa Tonny kulikuwa na chumba cha mabati, pazia mlangoni, televisheni nne kubwa ndani na mabenchi yamejaa watu wa kila namna: waendesha boda wakiwa bado na jaketi zao, wasichana wawili wa chuo, mwalimu mmoja aliyejificha pembeni ili wanafunzi wake wasimwone. Tonny mwenyewe, mtu wa miaka thelathini na kitu, alikuwa amesimama katikati akisoma kwa sauti kwenye simu yake. Kila jioni huwasomea habari za gemu jinsi watu wa zamani walivyosomewa gazeti: gemu gani imetoka, mchezaji gani ameongezwa kasi, timu gani imepewa jezi mpya.

Na kwenye benchi la mbele, tai ikiwa imelegezwa na padi ya kuchezea gemu mikononi, ulimi nje kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, alikaa karani Wabwile, miaka hamsini na minane.

“Baba Sellah,” Wangu aliita.

Wabwile aligeuka. Padi ikamponyoka. Kwenye skrini timu yake ilisimama kama miti, na wapinzani wakapita wakafunga bao bila kuombwa ruhusa.

“Mama Sellah? Na Wahu? Kuna nini nyumbani?”

“Nimekuja kuona watoto yako. Walubengo na Gikonyo. Wako wapi?”

Watu wa mabenchi wakageuka. Halafu mwendesha boda mmoja, asiyejua moto aliokuwa anachezea, akanyoosha kidole kwenye skrini. “Si hao, mathe. Saba ni Walubengo. Kumi ni Gikonyo.”

Wangu alitazama. Aliona vijana wawili wamevaa jezi ya kijani, wakitembea polepole uwanjani wakisubiri mpira uwekwe katikati. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na majina, yameandikwa wazi. Aliyasoma mara tatu. Hakuelewa. Alidhani kwanza kwamba ni mechi inayochezwa mahali fulani, na kwamba mumewe ana watoto Ulaya.

“Wanacheza wapi hii saa?” aliuliza.

“Hawako mahali,” Tonny akasema, akijaribu kusaidia. “Ni gemu tu. Mzee aliwatengeneza. Unaweka jina, miaka, sura, halafu unawafundisha. Shida ni wale wenye gemu. Juzi wametangaza hii ya zamani watazima mitambo yao mwisho wa mwezi, ije mpya. Na hiyo mpya haichukui wachezaji wa kujitengenezea. Wote wataenda.”

“Wataenda wapi?”

“Hakuna mahali, mathe. Watakuwa tu hawako.”

Kila alichoelezwa kilimchanganya zaidi. Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na watoto. Kulikuwa na mzee mzima, mzee wa kanisa, anayetoroka kila jioni kuja kulea vijana ambao hawako. Alihisi kucheka, akahisi kumzaba kofi, akakosa la kuanza nalo.

“Wabwile, wewe ni mgonjwa?”

Wabwile aliokota padi, akaipangusa vumbi kwa tai. Hakumtazama mkewe. Alianza kuongea akiielekea ile padi, kwa sauti ya chini ambayo Wangu hakuwahi kuisikia kwa mtu huyu wa kupiga kelele.

“Ni mvua ilinileta hapa, miaka nne imepita. Nikakaa tu, nikangoja iishe. Tonny akaniambia, mzee, jaribu, tengeneza mchezaji. Nikabonyeza. Ile kitu ikaniuliza: jina? Mama Sellah, tangu Julai ile, hakuna mtu alikuwa ameniuliza jina lake. Hata mmoja. Hata wewe. Nikaandika. Ikaniuliza, miaka? Nikahesabu, nikaandika ishirini na mbili. Sasa kila Julai naongeza moja.”

Wangu alishika ukingo wa benchi. Wale wasichana wa chuo walisogea, naye akakaa bila kujua kwamba amekaa.

“Na huyo mwingine?” Wahu akauliza. Alikuwa hajayatoa macho yake kwenye namba kumi.

“Watoto yetu walikuwa wanafuatana miaka mbili, mbili. Huyo angekuja baada yake. Mzee wenu alinishika mkono siku ile, akaniambia nisisahau zamu yake. Alikufa akiningoja.” Akageuza padi mkononi. “Nilijua nikiwaambia mtasema nimerukwa na akili.”

“Umerukwa,” Wangu akasema. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtiririka na hakuyafuta. “Na jina la baba yangu ungeniuliza kwanza.”

“Ungekataa.”

“Ningekataa, ndio.”

Aliinuka akaenda mpaka karibu na televisheni, karibu sana, kama afanyavyo akikagua mshono. Namba saba alikuwa kijana mweusi, mrefu, mwenye kipaji kipana cha uso na masikio madogo yaliyolala. Wangu alimkagua juu mpaka chini. Siku ile ya Julai wauguzi walimwambia ni afadhali asimwone mtoto, naye alikuwa na usingizi wa dawa, hakuwa na nguvu ya kubishana. Alipoamka, Wabwile na kakake walikuwa wameshamzika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa na mtoto asiyekuwa na uso.

“Wewe ulimwona,” alisema, mgongo ukiwa umeelekea watu. “Mimi sikumwona. Alikuwa hivi?”

Wabwile aliegemea mbele.

“Masikio nakumbuka,” alisema. “Yalikuwa hivyo kabisa. Hayo mengine nilikisia. Nilichukua kidogo kwako, kidogo kwangu.”

Wangu aliweka kidole kwenye kioo, juu ya sikio la kijana, akakiacha hapo. Tonny, ambaye kwa kawaida hupiga kelele mtu akigusa skrini zake, alijifanya anasoma simu.

Hakuna aliyejua kifuatacho. Wabwile hakujua kama amesamehewa. Wangu hakujua kama kuna la kusamehe, wala kama mtu hulia mara ya pili kwa mtoto yule yule, wala itakuwaje mwisho wa mwezi, mitambo ikizimwa huko iliko na kijana huyu awe tena hayuko. Alirudi akakaa kati ya mumewe na Wahu. Wahu alimfinya mkono kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa sababu hasira yake ilikuwa bado ipo, na ilikuwa haki yake.

“Goti lake limepona?” Wangu akauliza hatimaye.

“Hapana. Lakini leo nimemweka, maana siku zimebaki chache.”

“Basi asikimbie sana.”

“Sawa.”

“Cheza.”

Wabwile akabonyeza. Vijana wa kijani wakaanza kwenda. Mwanzoni Wangu hakuweza kufuata chochote. Mpira ulikuwa huku, mara kule, na kila mtu chumbani alionekana kujua kitu ambacho yeye hajui. Kisha Gikonyo akaupata pembeni, akampita mmoja, akampita wa pili, na Wahu akasimama bila kujitambua huku akilitamka jina la babake kwa sauti. Mabeki watatu walikuwa wakimjia. Upande wa pili, peke yake mbele ya goli, Walubengo alikuwa akichechemea na mkono juu.

“Mpe ndugu yako!” Wangu akapiga kelele, amesimama, kitambaa cha kanisani kimeanguka mabegani. “Gikonyo! Mpe ndugu yako!”

Na Wabwile, macho yakiwa yamejaa hata haoni vizuri, akabonyeza, na mpira ukatoka kwa mdogo ukaenda kwa mkubwa.